Mbuzi Asiyekuwepo

3 Machi, Jumatatu

Daktari ameniambia nitafute daftari, niandike kila ninaposinzia mchana: saa ngapi, nilikuwa nafanya nini, nililala muda gani. Nikamuuliza mtu aliyelala atajuaje amelala muda gani. Hakucheka. Anasema nikilala usiku pumzi inakatika, inarudi, inakatika tena, hata mara mia, ndiyo maana naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Mke wangu wa zamani alikuwa akisema nakoroma kama lori linalopanda mlima. Kumbe lori lilikuwa linazima injini.

Kwenye cheti ameandika nisiendeshe chombo chochote cha moto mpaka nitibiwe. Nimekikunja, nimekitia kwenye droo ya nyuzi. Msimu unaanza tarehe 15. Sina nafasi ya kuumwa.

5 Machi

Saa nane mchana. Nilikuwa nakata ngozi ya kiti cha pikipiki, ndiyo kazi yangu mwaka wa ishirini na mbili sasa. Nilipozinduka mkasi ulikuwa umekwenda safari zake. Mteja nimemwambia ngozi ilikuja na kasoro.

9 Machi, Jumapili

Nimekula kwa mdogo wangu. Mumewe ndiye mwenzangu msimu huu. Mama Katibu wa chama ndiye aliyetupanga, na nilipolalamika akasema, "Sindano, wewe unakimbia mno, na Chaki anapima mno. Nikiwachanganya nitapata mtu mmoja mzima." Sindano ni mimi. Chaki ni shemeji, mwalimu wa hesabu.

Kila masika chama chetu cha safari ndefu kina raundi nne. Kila raundi ni kilomita elfu moja kwa siku mbili, wawili wawili, na kila raundi ina aina yake ya pikipiki: kwanza zile ndogo za kubebea abiria, kisha zile ndefu za matope, kisha skuta, mwisho zile nzito za barabara kuu. Ndiyo maana tunasema anayeshindana ni mtu, si chombo. Mara tatu nimekuwa wa pili. Mwakani natimiza hamsini.

Shemeji alitoa karatasi mezani, ana orodha ya kukagua kabla ya kuondoka, vitu thelathini na moja. Nikamuuliza kama kupumua kumo. Mdogo wangu alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Shemeji akaandika kitu kwenye karatasi yake, akasema, "Sasa kumo."

Mtu huyu atanichosha.

16 Machi

Raundi ya kwanza imekwisha. Mvua siku zote mbili. Pikipiki ndogo haina la kuficha: kila shimo unalisikia kwenye uti wa mgongo, kila lori likikupita linataka kukuvua. Tumekuwa wa tatu. Tungekuwa wa kwanza kama si shemeji, anasimama kila penye mti. Tena ana ugonjwa wa honi. Anakaa nyuma yangu mita ishirini, barabara tupu, mara piii! Nikigeuka ananionyesha dole gumba. Siku ya pili nilimwambia nitamng'olea hiyo honi nimpe aile.

Kwenye kila kituo Mama Katibu anakugongea muhuri kwenye kadi baada ya kukutazama macho. Alikuwa muuguzi miaka thelathini. Ananishika kidevu kama mtoto.

20 Machi

Saa tano asubuhi, nikiwa nimesimama foleni benki. Nimesimama wima.

30 Machi

Wa kwanza! Pikipiki za matope, kilomita mia nne hazina lami, tope linafika kwenye visigino. Jozi nne zimeacha njiani. Tunaongoza msimu mzima.

Niliposhuka siku ya pili miguu haikunibeba, shemeji akanishika kiunoni kwa nyuma, watu wakadhani tunakumbatiana. Walipiga makofi.

Sikumbuki daraja la pili. Najua tulilivuka kwa sababu kadi ina muhuri wa ng'ambo.

2 Aprili

Shemeji amekuja kwenye karakana baada ya masomo, bado ana vumbi la chaki kwenye kola. Alikaa kwenye kiti kisicho na pikipiki.

"Shemeji, honi yangu unadhani ni ya nini?"

"Ya kunikera."

"Kila nikipiga, unakuwa umeshahama njia. Kichwa kinashuka, pikipiki inakwenda pembeni. Nikipiga unarudi. Raundi ya kwanza, mara sita. Juzi, mara kumi na nne." Mtu wa hesabu. "Mara ya mwisho ulikuwa katikati ya daraja."

Nilishona bila kumtazama. Akaniuliza kama nimekwenda kwa daktari. Nikasema hapana. Mkono wangu ulikuwa sentimita kumi kutoka droo ya nyuzi.

"Nikimwambia Mama Katibu, utanisamehe?"

"Sitakusamehe," nikasema. "Na mke wako naye nitamwambia umeninyang'anya kitu pekee nilichobakiza."

Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Ni maneno ya mtu mzima huyo.

Alijipangusa chaki kwenye kola. Mwisho akasema, "Raundi ya tatu tu. Tunasimama kila kilomita hamsini, unanawa uso. Mimi nyuma. Halafu ya nne tunajitoa, utasema mgongo unauma."

Nikasema sawa. Nilikuwa nimeshaamua ya nne nitaendesha.

6 Aprili

Mdogo wangu kanipigia simu: "Siku hizi mmekuwa chanda na pete, eti? Nafurahi, kaka. Alikuwa anakuogopa."

15 Aprili

Nimeshika kalamu mara tatu nikaiweka. Naandika sasa kwa sababu nikichelewa nitaanza kuukumbuka uongo badala ya lililotokea.

Skuta si ya kuogopwa. Unakaa kama kwenye kiti cha sebuleni, miguu pamoja, injini chini yako inaunguruma kama paka. Ndiyo ubaya wake. Jumamosi tulikwenda vizuri, tulisimama kila kilomita hamsini kama tulivyokubaliana, nikanawa. Jumapili jua lilitoka kwa mara ya kwanza wiki nzima. Kituo cha kilomita mia nane Mama Katibu alinishika kidevu, akanitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida. "Umelala vizuri?" Nikasema kama mtoto mchanga. Akagonga muhuri.

Kilomita hamsini zilipotimia shemeji alipiga honi mbili, alama yetu ya kusimama. Nilimpungia mkono twende. Jozi ya pili ilikuwa nyuma yetu dakika sita. Nilimpungia mkono, nikaongeza mafuta.

Baada ya hapo kuna joto la jua kifuani, halafu kuna nyasi.

Nilikuwa nimelala kwenye nyasi kando ya barabara, skuta yangu inazungusha gurudumu hewani, na sina hata mchubuko. Goti la suruali lilikuwa limechanika, basi. Lori lilikuwa linakwenda mbali, halikusimama. Shemeji alikuwa kwenye ukingo wa kalvati, upande ule ule wangu, mita chache mbele. Kofia ngumu imepasuka. Mguu ulikuwa umeelekea kusikostahili.

Alikuwa na fahamu. Aliniambia maneno machache machache, kama anayelipa kwa sarafu: nilikuwa nimevuka mstari, lori linakuja uso kwa uso, honi sikuisikia. Akaingia kati yangu na lori, akanipiga teke mimi na skuta yangu mpaka nikatoka barabarani. Teke lile lile lilimyumbisha yeye, akagonga kalvati.

Mchunga mbuzi alishuka kutoka mlimani anakimbia, fimbo ameitupa. Mtu wa makamo, koti lake la pekee. Alilivua akalichana kwa meno, akamfunga shemeji paja mpaka damu ikapungua. Mbuzi wake walikuwa kule juu, niliwaona, vidoa vyeupe, mbali kama nguo zilizoanikwa. Alipiga magoti pale pale nusu saa nzima akishikilia kile kifundo, akimwambia, "Usilale, mwanangu, nieleze habari za watoto wa shuleni."

Gari la chama likafika. Mama Katibu akaruka chini. "Nini kimetokea?"

Nilifungua mdomo. Shemeji akanitazama, akatangulia. "Mbuzi," akasema. "Mbuzi amekatisha."

Mchunga mbuzi hakusikia, alikuwa anasaidia kubeba machela. Mimi nilisikia. Nilifunga mdomo.

17 Aprili

Hospitali. Wamemfanyia upasuaji mara mbili. Mdogo wangu amekaa kwenye benchi la korido na begi la nguo za mumewe mapajani, hataki kulishusha. Alipokwenda kunawa, shemeji akaniita kwa kidole.

"Usimwambie. Akijua sasa hivi atabaki hana mume wala kaka. Nikipona nitamweleza mwenyewe, taratibu."

"Na usipo..."

"Nitapona."

Nilikuwa natafuta mtu wa kuniruhusu ninyamaze. Nikampata.

19 Aprili

Amefariki saa kumi na mbili asubuhi.

22 Aprili

Tumemzika. Wanafunzi wake walikuja na sare, wengine hawajui waweke wapi mikono. Mama Katibu alizungumza kwa niaba ya chama: Sindano alikaa na mwenzake mpaka mwisho, huo ndio uendeshaji. Wenzangu wakanipiga mabegani. Mzee mmoja wa raundi za zamani aliniambia, "Angekuwa mwingine angekimbilia kombe."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kifo cha nani.

24 Aprili

Mvua. Silali usiku wala mchana. Daktari angefurahi, hakuna la kuandika.

26 Aprili

Mdogo wangu alinikuta natia uzi kwenye mashine. Macho makavu. "Wamemkamata."

"Nani?"

"Mwenye mbuzi. Kuacha mifugo barabarani na kusababisha kifo. Mume wangu alisema mwenyewe, mbuzi amekatisha, na Mama Katibu ameandika maelezo. Mbuzi wake wote wako nyuma ya kituo cha polisi." Alikaa kwenye kile kiti alichokaa mumewe. "Kaka, mimi sikuwahi kumtakia mtu mabaya. Huyu nataka nimwone anafungwa. Kila siku nitakwenda kituoni mpaka wafikirie nafanya kazi pale."

Nilimtengenezea chai. Niliweka sukari mara mbili, akainywa yote.

27 Aprili

Nimekwenda naye kituoni. Nimekaa naye benchini.

28 Aprili

Nimekwenda naye.

30 Aprili

Mteja amesema nimenyoosha mshono kuliko zamani. Mikono haijui kitu.

4 Mei

Mama Katibu alikuja na habari kwamba raundi ya nne itaendeshwa kwa heshima ya marehemu. Wanataka niongoze msafara na pikipiki nzito, jozi yangu iwe nafasi tupu kando yangu.

Nikasema nitafikiri. Hakuondoka. Alikuwa anapitisha kidole kwenye mshono wa kiti.

"Siku ile, kilomita mia nane," akasema. "Macho yako. Nimetazama macho ya watu maisha yangu yote, Sindano. Niliona, na nikagonga muhuri, kwa sababu mlikuwa mnaongoza na niliwapenda mkiongoza."

"Mama Katibu..."

"Sikuulizi kitu." Alisema haraka, kama mtu anayefunga mlango mvua isiingie. "Nimekula chumvi nyingi, najua jambo la kutouliza."

Nilikuwa nikimwona mwanamke yule ndiye mtu mnyoofu kuliko sote. Leo nimeona anavyoogopa jibu. Sikumdharau. Nilijiona mimi mwenyewe nimevaa gauni. Tuko wangapi tunaoishikilia hii kamba, na mtu mmoja tu ndiye iliyomfunga?

8 Mei

Nimekwenda kituoni peke yangu, nimempelekea mchunga mbuzi blanketi. Askari hakujali, akatuacha kwenye chumba chenye meza moja. Amekonda. Hana koti, sote tunajua liko wapi.

Alisimama kunipokea. "Wewe ni ndugu wa marehemu. Pole sana. Nilitamani kuja kuzika, ndiyo hivyo tena."

Nikamuuliza hali.

"Siku za kwanza nilikuwa nawaambia, mbuzi wangu wote walikuwa juu. Wananiuliza, una hakika? Nasema nina hakika. Kesho yake wananiuliza tena. Na kesho yake." Alijipangusa uso. "Sasa nimeanza kumwona, ndugu yangu. Mweupe, sikio moja jeusi, anashuka barabarani. Sina mbuzi wa namna hiyo. Lakini namwona. Labda ni kweli. Marehemu hawezi kusema uongo, alikuwa mtu mzuri, alinieleza habari za wanafunzi wake wote. Ukimwona mjane, mwambie naomba anisamehe."

Nilimwambia nitamwambia. Nilitoka, nikazunguka nyuma ya kituo kuwatazama mbuzi wake: hakuna mwenye sikio jeusi.

11 Mei, Jumapili

Nimemwambia.

Alikuwa anapanga vitabu vya mumewe kwenye masanduku ili avirudishe shuleni. Nilisaidia masanduku mawili kabla sijaanza. Nilitaka kuanzia kwa daktari, nikajikuta nimeanzia mwisho.

"Hapakuwa na mbuzi."

Aliendelea kupanga. "Nini?"

"Hapakuwa na mbuzi barabarani. Nililala. Nililala juu ya skuta nikavuka mstari, lori likaja, mumeo akanisukuma nitoke. Alisema mbuzi ili anifiche."

Aliketi juu ya sanduku. Nikamweleza yote, daktari, cheti, daraja, mara kumi na nne, nilivyompungia mkono siku ile tusisimame. Nilivyomtisha kwamba sitamsamehe. Sikuacha kitu, maana nilijua nikiacha kimoja nitajificha nyuma yake.

"Alijua?" akauliza. "Alijua unalala, na akaendesha nyuma yako?"

"Ndiyo."

"Na mimi sikuambiwa. Nilimfungia chakula kwenye kopo, nikamwambia safari njema." Alikuwa anazungumza na kitabu kilicho mkononi. "Mwanamume yule alikuwa anakagua tairi mara mbili kabla ya kwenda dukani."

"Aliniambia nisikuambie mpaka apone."

"Usimtaje!" Kitabu kilinipiga kifuani. Si kwa nguvu. Halafu kingine, kwa nguvu. "Usimtie mdomoni! Wiki mbili nzima umekaa nami kwenye lile benchi. Umenishika mkono, mimi namwapiza mtu wa watu, na wewe umenishika mkono! Ulikuwa unafikiria nini? Niambie, kaka, ulikuwa unafikiria nini pale?"

"Nilikuwa nafikiria usije ukaacha kunishika."

Nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwa sababu ni kweli. Alilia hapo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na sikuwa mtu wa kumbembeleza. Nilisimama katikati ya vitabu kama samani. Alipomaliza alijifuta kwa kanga, akafungua mlango wa nje, akaushikilia.

"Kesho asubuhi uwe kituoni kabla yangu," akasema. "Nikifika nisikute yule mtu bado yuko ndani kwa ajili ya uvivu wako wa kusema."

12 Mei

Nilifika kituoni wanafagia. Askari mpelelezi aliandika maelezo yangu kwa mkono, polepole, akinisomea kila sentensi. Nimempa cheti cha daktari. Alikisoma mara mbili, akatazama tarehe, akanitazama mimi. Nilitamani anitukane.

"Unajua unachojitakia?"

"Najua."

"Kuna ndugu wa kukudhamini?"

"Mdogo wangu."

Akafungua jalada. "Mke wa marehemu?"

"Ndiyo."

Aliacha kalamu mezani. Nadhani alitegemea nitaje mwingine. Sina mwingine.

Mdogo wangu alikuja saa nne. Alisaini palipoonyeshwa bila kukaa. Tulipotoka, mchunga mbuzi alikuwa langoni na blanketi begani, anasubiri waswage mbuzi wake kutoka uani. Mdogo wangu alimwendea, akamshika mikono yote miwili. Sikusikia alichomwambia. Yule mtu alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana, kisha akanitazama juu ya bega lake. Nilitaka kuinamisha macho, nikaona hata hilo ni kujificha. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeamshwa, bado hajui ni asubuhi au jioni.

Mbuzi wakatoka, akawafuata.

Mdogo wangu alirudi akasimama mbele yangu. Amezeeka mwezi huu. Tumefanana sasa, kama watu walivyokuwa wakisema tukiwa wadogo nasi tukikataa.

"Nimesaini kwa sababu mama angesaini," akasema. "Nyumbani kwangu usije. Siku ya kesi nitakuwepo, lakini sitakaa upande wako, kaka."

Akaenda zake. Nilisimama pale hadi lango likafungwa. Ameniita kaka. Nimekwenda na neno hilo kwa miguu mpaka nyumbani, sijui kama alilikusudia au ulimi umezoea tu.